Shimo na Sikio

Kata inayopakana na mgodi wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, inaitwa Mwendakulima. Ni jina la mtu na jembe lake begani, alfajiri, na lau mshairi angetafuta jina la kuliweka kando ya shimo kubwa la dhahabu ili wasomaji watafakari, asingepata lililo bora kuliko hili. Dhahabu ya kwanza ya Buzwagi ilitoka mwaka 2009. Mwaka 2021 mgodi ukafungwa. Mwenda kulima yupo bado, shimo nalo lipo bado, na baina yao pana jambo ambalo halizungumzwi sana kwa kuwa halina mng'ao: maji yaliyo chini ya ardhi, na mashine za kuyatoa.

Shinyanga ni nchi ya kiu. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha mbingu hufunga. Mbuga za udongo mweusi, ambazo wakati wa mvua hushika maji hata majaruba ya mpunga yakang'aa kama vioo, hupasuka mipasuko ya kuingia mkono. Kina mama hufukua mchanga katika mito iliyokauka wakangoja unyevu ujikusanye katika kata. Ng'ombe huongozwa kwenye malambo yaliyobaki tope. Bomba lililoleta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama lilipokewa kama neema, nalo lilizinduliwa mwaka 2009, mwaka ule ule wa dhahabu ya kwanza ya Buzwagi. Basi katika nchi moja ya kiu zikakutana pampu za nia mbili: zile zinazosukuma maji yawafikie watu waliokuwa wakiyalilia, na zile ambazo kila shimo la mgodi huzihitaji punde lipitapo kina cha maji ya ardhini, ambazo kazi yake ni kuyafukuza maji ambayo hakuna aliyeyaita. Maji ni yale yale. Mwamba hauna habari kwamba huku juu yanaombewa dua na kule chini yanalaaniwa.

Waswahili wana methali isemayo kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Aghalabu hutumika kumwonya mwenye hila, lakini ndani yake imejificha imani kubwa zaidi kuliko onyo hilo: kwamba shimo na mchimbaji wake wamefungwa kamba moja, na atakayelifungua ndiye litakayemdai. Imani hiyo ina utulivu wake. Humwezesha mnyonge kulala, akijua kwamba dunia ina hesabu zake. Swali linaloulizwa na mashimo ya nchi ya dhahabu ni kama imani hiyo ingali na mashiko, au ilikuwa kweli ya wakati ambapo aliyechimba alilala hatua chache tu kutoka pale alipochimba.

Ili kulijibu ni lazima kwanza ieleweke pampu inafanya nini, maana wengi hudhani inamaliza maji. Haimalizi, inayahamisha. Mvua za miaka mingi zimeshuka kupitia nyufa za ardhi zikajaza mwamba hadi kimo fulani, na chini ya kimo hicho kila uwazi, uwe kisima, handaki la nyumba au mgodi, ni bonde ambalo maji yanalitafuta. Ukiyatoa usiku, asubuhi yamerudi. Ukiyatoa mfululizo, kimo cha maji huinama kuelekea shimo lako kutoka pande zote, kwa umbo la faneli, na visima vya jirani vilivyomo ndani ya faneli hiyo hushuka bila ya mwenyewe kuguswa ndoo. Na hayo uliyoyatoa lazima yamwagwe mahali, na hapo mahali pana mtu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mwenye pampu ana jirani wawili asiowaona: mmoja anayepungukiwa na mwingine anayefurikiwa.

Jambo hili ni la zamani kuliko watu wanavyokumbuka. Injini ya mvuke, ambayo vitabu vya shule huisifu kwa reli na viwanda vya nguo, ilizaliwa kwa hofu ya maji shimoni. Mwingereza Thomas Newcomen alipoisimamisha ile yake mwaka 1712 karibu na Dudley, haikuwa na kazi nyingine ila kuvuta maji kutoka kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Zama zote za mashine, pamoja na kelele zake zote, zilianza kwa kunyanyua maji yasiyotakiwa na kuyamwaga kwingine.

Na sasa kelele. Mtu aliyewahi kulala karibu na mashine ya kuvuta maji anajua kwamba inachosha kwa namna yake. Mvua hupiga paa kwa kishindo na mtu akalala. Ngoma za arusi hukesha na zina siku yake ya kwisha. Mngurumo wa injini hauna tungo. Huanza, huendelea, na sikio linalongoja mahali pa kupumzika halipewi. Mgonjwa huusikia zaidi, na mzee, na mtoto mchanga, na mama anayemwamkia mtoto huyo. Ni rahisi kusema kwamba hiyo ndiyo bei ya mkate, na wanaosema hivyo kwa kawaida wanakula mkate huo mahali penye utulivu.

Lakini katika maduara ya wachimbaji wadogo, yaliyotapakaa kutoka Kahama hadi Geita, kelele ile ile ina maana nyingine kabisa. Duara ni shimo jembamba lililoegemezwa kwa matimba, na chini yake wamo watu wenye tochi na nyundo wanaoufuata mwamba. Kwao mngurumo wa juu ni habari njema. Maadamu unasikika, maji yanatoka. Ukikatika ghafla, kwa kuisha mafuta au kwa kuharibika mashine, hakuna haja ya mtu kuambiwa apande. Kijiji kinachoomba kimya na mtu aliye chini anayeomba kisije kimya wanaomba kwa wakati mmoja, juu ya mashine moja, na dua zao haziwezi kukubaliwa zote mbili.

Pana na jambo la ufundi ambalo limekuwa la uhai na mauti. Mashine iliyowekwa juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina chochote itakacho. Mafundi wa Italia waligundua hili tangu karne ya 17, na Galileo akaliandika: safu ya maji haipandi kwa kuvutwa zaidi ya kiasi cha mita kumi. Kinachoyapandisha si nguvu ya pampu, ni uzito wa hewa yenyewe juu ya maji, na uzito huo una mpaka. Kwa mashine za kawaida hata hizo kumi hazifiki. Shimo likizidi hapo, mwenye mashine ya mafuta asiyekuwa na uwezo wa kununua pampu ya umeme ya kuzamishwa majini hushawishika kuishusha injini yenyewe shimoni, aiweke juu ya ubao. Juu kunapoa, majirani wanapata usingizi. Moshi nao, pamoja na ile hewa yake ya sumu isiyo rangi wala harufu, hubaki chini na watu. Ni mfano mchungu wa namna kelele inavyoweza kuondolewa katika masikio ya walio wengi kwa kuwekwa katika mapafu ya walio wachache.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza ni halali au haramu kumpigia jirani kelele. Ni lazima iulizwe nani anasikia, na kwa kusikia kwake ana uwezo gani.

Sheria za kale zililijua swali hili kuliko inavyodhaniwa. Katika karne ya 14 fundi mwashi mmoja wa Tunis, Ibn ar-Rami, aliyekuwa akitumwa na makadhi kukagua ugomvi wa majirani, aliandika kitabu kuhusu hukumu za majengo, na humo mna njia ya kupima madhara ya kinu kinachozungushwa ndani ya nyumba. Ichukuliwe karatasi, ifungwe nyuzi katika pembe zake nne, itundikwe katika dari la chumba cha jirani anayelalamika. Juu yake ziwekwe punje kavu za giligilani. Kisha kinu kizungushwe. Punje zikitikisika, mwenye kinu huambiwa aondoe madhara yake. Zisipotikisika, jirani huambiwa avumilie.

Uzuri wa jaribio hili hauko katika giligilani, ingawa giligilani inapendeza. Uko katika chumba. Kadhi hakumwuliza mwenye kinu kama kinu chake kina kelele, wala hakwenda kusimama kando ya kinu na kukadiria. Alituma kipimo chake kikakae pale anapolala anayelalamika. Hukumu ilianzia sikioni, ndipo ikaja kwenye kinu. Wala haikumpa jirani kila alitakalo: pana kelele ambazo mtu wa mjini anapaswa kuzichukua, na punje zisizotikisika zilimfunga mdomo kwa adabu.

Sheria ya Kiingereza, ambayo Tanganyika iliipokea mwaka 1920 pamoja na mambo mengine ya utawala huo, ilikwenda njia tofauti, na kwa maji ya chini ya ardhi ilikwenda njia mbili zisizofanana. Mwaka 1843, katika shauri la Acton na Blundell, mwenye kiwanda cha pamba huko Lancashire alidai kwamba kisima chake kimekauka kwa sababu ya mashimo ya makaa ya mawe ya jirani. Majaji walilikataa dai lake. Maji ya mto, walieleza, yanaonekana, na kila mwenye ukingo anajua yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Haya ya ndani ya ardhi yamefichika, hakuna ajuaye mapito yake, basi mwenye ardhi ayachukue ayakutapo, na jirani akikaukiwa ni bahati yake. Miaka 25 baadaye, mwaka 1868, likaamuliwa shauri la Rylands na Fletcher. Safari hii maji hayakuchukuliwa, yaliletwa. Rylands alikuwa amejengewa bwawa la kiwanda, na maji yake yakapenya katika mashimo ya zamani yaliyosahauliwa, yakaufurika mgodi wa Fletcher. Hapa majaji wakasema kwamba anayekusanya juu ya ardhi yake kitu chenye kudhuru kikitoka hukichunga kwa dhamana yake mwenyewe, na kikitoka atawajibika, hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa juu yake.

Mtu akiziweka hukumu hizi bega kwa bega ataona ajabu. Kumkausha jirani si kosa, kumfurika ni kosa. Sababu iliyotolewa kwa ile ya kwanza ni ujinga: hatujui maji yanapita wapi. Sababu hiyo ilikuwa na heshima yake mwaka 1843, ila leo imechakaa, maana kimo cha maji katika visima hupimwa kwa kamba na kuandikwa daftarini na mtu yeyote mwenye subira. Hata hivyo imedumu katika fikra za watu baada ya kufa katika vitabu. Tanzania yenyewe imeiacha: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, nayo ya mwaka 2009, inasema kwamba maji yote ya Bara ni ya umma na yamo chini ya udhamini wa Rais. Ni kauli njema. Lakini mdhamini aliye mbali naye anahitaji mtu wa kutundika karatasi chumbani.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba haya ni mambo ya bara. Chini ya kisiwa chochote chenye mawe ya matumbawe na mchanga, maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Wataalamu wamekadiria tangu mwisho wa karne ya 19 kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kiasi cha mita 40 chini yake. Hesabu hiyo inafurahisha ikisomwa hivyo, na inatisha ikigeuzwa: shusha kimo cha maji matamu kwa mita moja kwa kuvuta sana, na baada ya muda bahari hupanda kutoka chini kiasi cha mita 40. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako hoteli zimejipanga ufukweni, bustani zake na mabwawa yake ya kuogelea yanakunywa kutoka tabaka hilo hilo jembamba linalonyesha visima vya vijiji. Na pampu za siku hizi za kuzamishwa hazisikiki. Mgeni analala vizuri, mwenye hoteli analala vizuri, na mwanakijiji pia analala vizuri mpaka siku anapoionja chai yake.

Hapa ndipo kelele, aliyekuwa mshtakiwa tangu mwanzo wa mazungumzo haya, anapoomba kusikilizwa kama shahidi. Mashine inayonguruma inatangaza. Inamwambia kila mpita njia kwamba hapa maji yanahamishwa, usiku huu, na kazi haijaisha. Pampu ya kimya huhamisha maji yale yale bila ya kumpa jirani neno. Si hoja ya kuzipenda kelele. Ni hoja ya kutazama kwa shaka kila utulivu ulionunuliwa, kuulizia umenunuliwa na nani na mlipaji yuko wapi.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, shimo liliporomoka tarehe 5 Oktoba likawafungia wachimbaji sita. Mmoja alifia humo. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Walikula mende, vyura na mizizi, wakanywa maji machafu yaliyopenya kutoka juu. Mmoja kati yao alifariki baadaye. Kisa hiki kilielezwa wakati ule kama muujiza, na hakika hakuna neno jingine lenye upana wa kukitosha, ila yako mambo mawili ndani yake yanayohusu suala hili. Maji ambayo mchimbaji hulipa mafuta ili yaondoke ndiyo yaliyowaweka hai. Na waliookolewa waliokolewa kwa sababu walikuwapo watu wenye kazi karibu na pale waliosikia sauti zao. Hawakugunduliwa na chombo. Waligunduliwa na wachimbaji wenzao, wenye mashimo yao jirani, waliokuwa umbali wa kusikia.

Umbali wa kusikia: huenda hilo ndilo fungu la maneno lililokuwa likitafutwa. Katika maduara, mwenye shimo, mwenye mashine, aliye chini na anayenyimwa usingizi mara nyingi ni watu wa kambi moja, na pengine wa familia moja. Hawawi wema zaidi kwa hilo. Zebaki inayomwagwa kwenye mialo yao, na watoto wanaoonekana kwenye makarasha, ni ushahidi kwamba ukaribu hauzai utakatifu. Tena maduara yaliyopakana hunywa maji ya mwamba mmoja, na mwenye pampu humkaushia na jirani asiyechangia hata kibaba cha mafuta. Ugomvi hauwezi kukosekana. Lakini ugomvi huo una watu wake. Unajulikana aamshwe nani, na mlango wake ni upi. Methali ya mchimba kisima ingali hai hapo, kwa uchungu wote wa maana yake: anayechimba huingia, na siku nyingine hatoki.

Mkataba wa mgodi wa Buzwagi ulitiwa saini London, Februari 2007, na waziri wa nishati na madini wa wakati ule. Kilichofuata kinakumbukwa. Mbunge kijana, Zitto Kabwe, alilihoji jambo hilo Bungeni, na mwezi wa Agosti akasimamishwa, mitaa ikachemka, mwezi wa Novemba Rais Kikwete akaiunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na mapendekezo yake yakachangia Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Mjadala ulikuwa juu ya mrabaha, kodi na siri, na mwaka 2017, wakati wa makontena ya makinikia ya Buzwagi na Bulyanhulu, ulirudi kwa hamaki kubwa zaidi na kwa hesabu zile zile. Wachumi walioulizwa mwaka 2007 wangeweza kusema kwamba mahali pa kutia saini si kitu, kwamba kifungu ni kifungu kikiandikwa London au Mwendakulima. Wananchi hawakukubali, na walihisi jambo ambalo hesabu hazikulitaja. Hotelini London hakuna pampu inayosikika. Mtu aliyekaa pale anaweza kuwa mwadilifu, msomi, mwenye kumbukumbu nzuri ya vifungu vyote vya mazingira, na bado akaweka saini juu ya shimo ambalo halitamwamsha kamwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nacho kitanda kilichozungumziwa kilikuwa umbali wa mabara mawili.

Lakini pana umbali mwingine mrefu kuliko wa London, nao ni wa wakati. Mgodi una umri. Buzwagi uliishi miaka 12, muda usiotosha mtoto wa Mwendakulima kutoka tumboni hadi kumaliza darasa la saba. Mgodi ukifungwa na pampu zikizimwa, maji huanza kurudi mahali pake, kimya kimya, na shimo la wazi huelekea kuwa ziwa. Ziwa hilo linaweza kuwa baraka au linaweza kuwa sumu, kutegemea mwamba: miamba yenye salfaidi ikiguswa na hewa kisha na maji hutoa tindikali, na tindikali hubeba madini mazito. Jambo hili huchukua miaka mingi, na hakuna mngurumo unaolitangaza.

Afrika Kusini imeshalipitia. Katika ukanda wa dhahabu wa Witwatersrand, makampuni yalipofunga migodi moja baada ya nyingine, kila liliyozima pampu liliwaachia majirani maji yake, mpaka mwaka 2002, karibu na Krugersdorp, maji mekundu yenye tindikali yakatokeza juu ya ardhi na kushika njia ya mito. Katikati ya Johannesburg watu wakaanza kuhofia vyumba vya chini vya maghorofa yao. Wamiliki wa mwanzo walikuwa wameshakufa zamani na dhahabu imekwisha valiwa na vizazi vitatu. Kule Ujerumani, katika bonde la Ruhr, ambako mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe ulifungwa Desemba 2018, ardhi imedidimia kwa uchimbaji hata sehemu za miji zikawa chini kuliko mito yake. Pampu zikisimama, mitaa itakuwa maziwa. Kwa ajili hiyo uliundwa mfuko maalumu mwaka 2007 wa kulipia pampu hizo, bila tarehe ya mwisho. Wajerumani wamelipa jambo hili neno moja refu, ambalo likifasiriwa kwa uaminifu ni "mizigo ya milele". Mfasiri hukutana mara chache na neno la ofisini lenye kutisha kiasi hicho. Kwa kawaida milele ni mali ya wanazuoni na washairi. Hapa imeandikwa na mhasibu, na pembeni yake ameweka tarakimu.

Aliyeliandika neno hilo angalau hakudanganya. Amekiri kwamba kuchimba chini ya kimo cha maji ni kuweka ahadi kwa niaba ya watu ambao hawajazaliwa, kwamba watakesha. Je, mtu anayo haki ya kuahidi usingizi wa mwingine? Wapo watakaojibu kwamba wazazi hufanya hivyo kila siku, kwamba kila nyumba inayojengwa ni paa la kuzibwa na wajukuu. Jibu hilo lina nguvu, ila linasahau kwamba mjukuu ameachiwa na nyumba yenyewe. Mwenda kulima wa mwaka 2060 ataachiwa shimo peke yake. Dhahabu iko kwingine, shingoni na katika maghala ya benki, ambako ni kukavu.

Watu wa pwani wanaijua kazi hii kwa sura ndogo, na wana msamiati wake kamili. Kila jahazi la mbao huvuja. Mkalafati ashindilie pamba na sifa atakavyo, maji hupita, yakashuka yakakusanyika ngamani, na lazima awepo mtu wa kuyafua kwa upo, mchana na usiku, kata baada ya kata, na kuyarudisha yalikotoka. Si kazi ya kusifiwa. Hupewa mdogo, na sauti ya upo ukikwangua mbao humfikia kila aliyelala chomboni, nahodha, tajiri na abiria, kwa kuwa chombo ni kimoja. Hakuna aliyewahi kumwomba mfua maji anyamaze.

Tofauti ni kwamba jahazi likichoka huingizwa hori, maji hupwa, likabaki juu ya mchanga limeegemea ubavu, na upo huachwa ngamani mkavu. Shimo halipwelewi. Kila Novemba mvua hushuka juu ya Buzwagi na juu ya mashamba ya Mwendakulima kwa kipimo kimoja, na kimo cha maji ndani ya lile shimo husogea juu tena kidogo, na usiku pale pametulia kabisa.